Siku ya wanyama, siku ya ndugu: Dar hadi Kyela kwa Hiace yenye kitanda

Jambo la kwanza, na ukilishika hili mengine yatakaa mahali pake: usiweke hifadhi na ndugu kwenye siku moja.

Vyote viwili vinagombea saa zilezile. Wanyama wanaonekana vizuri kuanzia saa 12 asubuhi hadi kama saa 4, halafu tena jua likilegea, kuanzia saa 10 jioni. Katikati ya hapo simba amelala chini ya kichaka, tembo wako kivulini, na wewe unazunguka kwenye vumbi watoto wakiuliza tunaondoka lini. Ndugu nao wanataka saa hizohizo. Asubuhi uamke, upite kusalimia nyumba za jirani, unywe chai bila haraka. Jioni ukae jikoni na mama mpaka ugali uive na habari za mwaka mzima ziishe. Ukimuaga mama yako saa 11 alfajiri kwamba unawahi geti la hifadhi, ataona ulifuata kitanda tu. Kwa hiyo siku ya wanyama iwe ya wanyama, siku ya ndugu iwe ya ndugu, na ule mchana mkali ambao hakuna anayeutaka, upe barabara.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Dar es Salaam. Kwetu ni Iringa, mume wangu kwao ni Kyela. Shule zikifungwa, njia yetu ni ileile: zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya, halafu unashuka kwenda ziwani. Barabara hiyohiyo inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, inapanda mlima mkali wa Kitonga, inapita nyumbani kwetu na inaishia nyumbani kwao. Tunapokezana usukani, watoto watatu nyuma, kitanda kimekunjwa. Watu wengi wanadhani kusafiri na gari la kulala ndani ni mambo ya wageni wenye malori marefu na mahema juu ya paa. Hiace ya mtumba iliyotunzwa inatosha kabisa, na ninayoandika hapa ni kwa familia yenye mshahara wa kawaida.

Gari

Pesa ya kwanza iende kwenye breki, matairi na rejeta. Kitanda kinaweza kusubiri mwaka mwingine, breki haziwezi, na ukifika Kitonga utajua kwa nini.

Kitanda chenyewe mpe fundi seremala, usimpe fundi wa kuchomelea. Chetu ni vipande vitatu vya plaiwudi vinavyokaa juu ya fremu ya mbao, vinafunguliwa usiku na kukunjwa asubuhi, na chini yake yanaingia masanduku ya nguo na vyombo. Godoro ni la sponji la inchi 4, limekatwa vipande vitatu vinavyolingana na mbao. Kwa kuwa hakuna kilichochomelewa wala kiti kilichong'olewa, gari linabaki lilivyo kwenye kadi yake na hakuna mjadala na trafiki njiani. Faida kubwa zaidi ni kwamba watoto wanakaa kwenye viti, mikanda imefungwa. Mtu asilale kitandani gari likitembea, hata kama safari ni ya saa 10 na mtoto analia usingizi. Asinzie amekaa.

Madirishani shona vyandarua vyenye sumaku ndogo ukingoni, vinajibandika vyenyewe kwenye bati la mlango. Juu yake ning'iniza mapazia ya kitenge kizito. Usiku acha madirisha mawili yanayotazamana wazi kiasi cha kiganja, ili hewa ipite. Familia nzima ikilala kwenye gari lililofungwa, asubuhi vioo vinatiririka maji na kila mmoja kichwa kinamgonga.

Kupika ni nje, kwenye mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko la juu. Ukimaliza funga, usubiri upoe, kisha usimamishe kwenye kona yake na kuufunga kwa mkanda usianguke. Na hili nalisema kama mama: jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata kwa dakika moja, hata ukiwa Mafinga mwezi wa saba meno yanagongana. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na anayelala ndani yake haamki. Baridi dawa yake ni blanketi, soksi na chupa ya maji ya moto miguuni.

Maji tunabeba madumu mawili ya lita 20, moja la kunywa lenye koki, moja la kuoshea. Kwenye deli, lile sanduku la kutunza ubaridi, usiweke barafu ya kumwaga, inayeyuka na kulowesha nyama na mboga. Gandisha chupa za maji nyumbani, zipange humo, zikiyeyuka mnakunywa. Ndoo yenye mfuniko kwa haja za usiku ni lazima, nitaeleza mbele kwa nini. Mengine unayajua: spea yenye upepo, jeki inayofanya kazi, alama za pembetatu, kizima moto, boksi la huduma ya kwanza, tochi ya kuvaa kichwani, dawa ya mbu.

Mwezi wa sita au wa kumi na mbili

Kwa sisi tunaofuata kalenda ya shule, uchaguzi ni huo. Mwezi wa sita na wa saba ni kiangazi. Majani yameanza kukauka, wanyama wanasogea kwenye maji, njia za ndani ya hifadhi zinapitika. Ni wakati wa hifadhi za Mikumi na Ruaha. Ila Iringa na Mafinga ni baridi kweli, na mtoto aliyezaliwa Dar hana nguo ya hali hiyo. Mnunulie kabla ya kuondoka.

Mwezi wa kumi na mbili mvua zimeshaanza nyanda za juu. Mikumi majani yanakua marefu na njia nyingi zinageuka tope, lakini Hifadhi ya Kitulo inaanza kuchanua maua, Kyela kuna maembe, na ukoo mzima uko nyumbani kwa Krismasi. Sisi mwezi wa sita tunatoa siku nyingi kwa wanyama, na mwezi wa kumi na mbili siku nyingi kwa ndugu. Tumeacha kujaribu kubeba vyote kwa uzito sawa.

Mikumi, na asubuhi moja ndani yake

Ondoka Dar saa 10 alfajiri. Utapita Kibaha na Chalinze kabla malori hayajajaa, unywe chai Morogoro, watoto wanyooshe miguu, na kabla ya saa 6 mchana uko Mikumi bila kukimbia. Trafiki wenye tochi za kupimia mwendo wapo njia nzima, na vijiji vya mwendo wa 50 ni vingi kuliko unavyokumbuka. Mpe mmoja wa watoto kazi ya kusoma vibao vya barabarani kwa sauti. Kwetu inafanya kazi kuliko kengele yoyote.

Barabara kuu inakatiza hifadhini kwa kilomita 50 hivi, na hapo utaona twiga, pundamilia, nyani na pengine tembo bila kulipa hata shilingi. Ndiyo maana wengi wanaharibu hapo. Wanasimama katikati ya barabara, wanateremka kupiga picha, wanarushia nyani mahindi. Usifanye hata kimoja. Nyani aliyezoea kulishwa anakaa barabarani kusubiri, na siku moja lori linampitia. Fuata mabango ya mwendo, heshimu matuta, na soma lile bango la faini lenye orodha ya wanyama mmoja mmoja na bei ya kumgonga kila mmoja. Wasomee na watoto. Kipande hiki kipite mchana. Usiku nyati amesimama kwenye lami ni mweusi juu ya weusi, taa zinamwona mmeshakaribiana.

Siku ya kufika si siku ya kuingia. Pumzikeni, pikeni, laleni mapema, kwenye kambi au mji wa Mikumi, ili kesho yake muwe getini linapofunguliwa saa 12 asubuhi. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu: ni kadi au namba ya malipo unayolipia kwa simu, kwa hiyo pesa iwe tayari kwenye simu kabla mtandao haujakusumbua. Beba vitambulisho vya taifa na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi na kwa bei nafuu sana kuliko mgeni, lakini ni lazima athibitishe. Uliza kibali chako kinaisha saa ngapi, andika, upange siku kwa saa hiyo. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Chakula kiwe kwenye vyombo vyenye mifuniko.

Kiangazi Hiace inapita kwenye njia za karibu na geti, hadi kwenye bwawa la viboko na ukingo wa mbuga ya Mkata. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa Mkata unakamata gari dogo na halitoki bila kuvutwa. Waulize askari wa getini njia ipi inapitika leo, na ukiweza chukua mwongozaji akae mbele. Fedha yake inarudi ndani ya saa moja, kwa sababu anajua simba walilala wapi jana.

Halafu, na hili ndilo ningependa ulichukue kuliko yote: simama. Chagua mahali penye maji au kivuli, zima injini, kaeni nusu saa. Wengi wanazunguka kana kwamba wanasambaza magazeti, wanaona migongo inayokimbia. Ukizima injini, baada ya dakika kumi hivi wanyama wanakuzoea na wanaendelea na shughuli zao. Sisi kila mtoto ana dirisha lake na daftari lake, anaandika anachoona upande wake. Siku moja wa mwisho wetu alimtazama twiga mmoja tu muda wote, aliyekuwa akila majani ya mgunga karibu kabisa na gari. Ulimi mrefu, rangi ya zambarau iliyokolea, unazunguka tawi na kuchuna majani huku miiba imebaki. Ndege wadogo wanne wanaokula kupe walikuwa shingoni mwake. Mmoja akapanda hadi sikioni, akaingiza kichwa chote ndani, twiga akatikisa sikio, ndege akang'ang'ania, akatoka na kitu mdomoni, akarudi tena. Mtoto aliandika mistari saba peke yake, na huyo ni mtoto ambaye darasani ukimwomba mistari mitatu anaomba kwenda chooni.

Tembo mpe nafasi. Akiwa anakula na mkia unacheza, mko salama. Akikugeukia uso kwa uso, masikio yamefunguka na kichwa kimeinuka, amekuona na hajafurahi. Usipige honi, usiwashe muziki, rudi nyuma taratibu. Usikae kamwe kati ya mama na mtoto wake.

Mkilala kambini ndani ya hifadhi, chakula chote kiingie garini, pamoja na sufuria chafu na ndoo ya takataka. Nyani wanakuja mchana, fisi usiku. Giza likishaingia hakuna kushuka, na ndiyo maana ya ile ndoo yenye mfuniko. Zimeni taa, fungueni pazia kidogo upande wa wazi, msikilize. Watoto wangu wanaijua sauti ya fisi na ya simba kwa sababu ya usiku huo, wala hawakuogopa, maana walikuwa ndani ya bati, katikati ya baba na mama.

Ukiwa na siku ya ziada, kutoka mji wa Mikumi kuna barabara ya kwenda Kilombero, na kama kilomita 60 hivi uko Mang'ula, geti la Milima ya Udzungwa. Huko hakuna kuzunguka na gari, ni kutembea kwa miguu. Maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170, na msituni kuna mbega mwekundu wa Iringa ambaye hapatikani nje ya Tanzania. Kwa watoto waliokaa garini siku mbili, ni dawa.

Kitonga hadi nyumbani

Baada ya Mikumi unashuka kwenye bonde la mibuyu, pembeni ya Mto Ruaha Mkuu, kisha Ruaha Mbuyuni penye vitunguu, kisha Kitonga. Kupanda, weka gia ndogo mapema, zima kiyoyozi, usifukuzane na basi. Malori yanatambaa na kona ni za kipofu. Usilipite lori kwa sababu utingo amekupungia mkono, macho yake si macho yako. Kushuka ni gia ileile unayopandia, mguu usikae kwenye breki muda wote, zinachemka na kuisha nguvu. Vitunguu nunua ukirudi.

Kabla ya kufika Iringa kuna Lugalo, ambako mwaka 1891 Wahehe waliwashinda askari wa Kijerumani. Wasimulieni watoto hapohapo. Kalenga, kwenye barabara ya kwenda Ruaha, kuna makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Isimila, upande wa Mbeya kidogo tu baada ya mji, kuna zana za mawe za watu wa kale na nguzo za udongo zilizochongwa na maji. Zote hizi ni za mchana, saa zile za jua kali, na hazivurugi siku ya ndugu.

Ruaha inahitaji siku zake. Kutoka Iringa ni kama kilomita 130 hadi Msembe, makao ya hifadhi, na Hiace yangu mimi siipeleki huko. Tunaiacha nyumbani kwa wazazi, tunachangishana na binamu, tunakodi Land Cruiser na dereva anayeijua hifadhi. Bei ikigawanywa kwa watu saba inabebeka, na hivyo mnakuwa mmewachukua ndugu kwenda kwa wanyama, jambo ambalo wengi wao hawajawahi kufanya ingawa wanaishi jirani. Mama yangu alizaliwa Iringa na alimwona simba kwa mara ya kwanza akiwa bibi. Mbung'o wapo wengi, vaeni nguo za rangi ya khaki au nyeupe iliyofifia, siyo bluu wala nyeusi, zinawavuta.

Gari lisiwe ukuta

Hapa ndipo gari la kulala linaweza kukusaidia au kukuharibia. Linakusaidia kwa sababu hufiki na watu watano wanaohitaji vitanda vitano. Linakuharibia ukilifanya nyumba yako ndani ya nyumba ya watu.

Piga simu mapema, useme unafika lini na unaondoka lini, siku zenyewe. Ukisema "tutakaa kidogo" mama atachinja kuku wote siku ya kwanza kwa wasiwasi. Fika kabla ya magharibi. Shuka wote, salimia kwanza, mizigo baadaye. Kwetu ni "kamwene", na watoto wangu wanafundishwa kuitamka tangu Ilula, wanairudia garini mpaka wanacheka. Vyakula ulivyobeba, mchele, sukari, mafuta, nazi za Dar, mkabidhi mama mwenye jiko wakati huohuo, usivitoe kidogokidogo kama mgao.

Usiwashe jiko lako uani kwa mama yako. Hata kama mtoto hali mlenda, hata kama una haraka ya chai. Ukipika chako, umesema chao hakitoshi. Mtungi wa gesi upeleke jikoni, useme tusaidiane, mpike pamoja. Na usiku wa kwanza laleni ndani, hata kama ni mkeka sebuleni. Usiku wa pili ndipo unaweza kusema, "Mama, sisi tutalala garini, mpate nafasi," naye atakubali kwa moyo mweupe kwa sababu umeshalala kwake. Kwa kawaida usiku huo gari linachukuliwa na watoto, wangu na wa kaka zangu, wamebanana kama dagaa, na sisi wakubwa tunabaki ndani.

Kwa wakwe zangu Kyela kuna la ziada. Wanyakyusa wanashika sana heshima kati ya mkamwana na baba mkwe. Baba mkwe wangu na mimi hatusogeleani, hatukutani njiani, na sipiti mahali alipokaa. Sasa, gari ni chumba changu cha kulala. Likiegeshwa uani mbele, mzee hawezi kutoka nyumbani kwake bila kupita pembeni ya kitanda changu. Kwa hiyo tunaegesha nyuma, upande wa jiko na migomba, mlango umetazama shambani, na mume wangu anamuuliza mzee mwenyewe mahali kabla ya kuzima injini. Kila kabila lina la kwake. Umeoa au kuolewa kwingine, uliza wifi au shemeji kwa simu kabla hujafika: gari likae wapi, nioge wapi, nani nimsalimie kwanza. Swali hilo dogo limenipa heshima kubwa kwa mama mkwe kuliko kitenge chochote nilichowahi kumpelekea.

Kyela ni joto na mbu ni wengi, vyandarua vya madirishani visitoke.

Wazee ndio waongozaji

Watu wanazunguka hifadhi nzima wakitafuta mwongozaji, huku nyumbani kuna mzee aliyechunga ng'ombe pembeni ya msitu miaka sitini. Chukua mfano wa kipunji. Ni tumbili mkubwa wa rangi ya kahawia, ana nywele zilizosimama kichwani, anaishi misitu ya Mlima Rungwe na Livingstone, na kundi dogo liko Udzungwa. Wanasayansi walimwona mwaka 2003 na kumtangaza duniani mwaka 2005, na walianza kumfuatilia kwa sababu wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja. Jina lenyewe ni la wenyeji.

Kwa hiyo siku ya ndugu haina maana kwamba mazingira yamelala. Mwombe babu awatembeze watoto shambani jioni. Awaonyeshe mti wa dawa ya tumbo, nyayo za nungunungu kwenye mihogo, ndege anayeashiria mvua. Babu anayeshindwa kuongea na wajukuu wa mjini kuhusu simu zao anaongea saa nzima juu ya nyuki. Siku hiyo daftari za Mikumi zinatoka tena, na babu anasahihisha.

Ukitoka Uyole, pembeni ya Mbeya, kushuka Tukuyu kuna mengi ya kusimama: Ziwa Ngozi lililoko kwenye shimo la volkano, la kupanda kwa miguu kupitia msitu na mianzi, ambako ni vizuri kwenda na kijana wa kijijini anayeijua njia, na Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira, ambalo hata bibi mwenye magoti mabovu anafika. Mvua ya Rungwe haina ratiba, beba makoti mwaka mzima.

Kitulo ni ya mwezi wa kumi na mbili hadi wa nne. Ilitangazwa hifadhi mwaka 2005, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na inalinda hasa maua, okidi za mwituni za aina nyingi sana kwenye uwanda wa juu wenye ukungu. Njia ya Chimala yenye kona 57 usiipande na Hiace iliyojaa familia. Pitia Isyonje, uliza kwanza hali ya barabara. Usichume ua hata moja. Mizizi ya okidi huko imechimbwa sana kwa ajili ya kuliwa, zinahitaji kuachwa. Beba chai kwenye chupa na blanketi, huko juu mchana ni baridi.

Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ndiko tunakomalizia. Mchanga, Milima ya Livingstone imesimama juu ya maji, na wanawake wa Kikisi wa Ikombe wanauza vyungu. Kaangeni mbasa, samaki wa ziwa hilo, laleni milango ya gari wazi nyuma ya chandarua. Kuogelea, waulizeni wavuvi mahali: kaeni mbali na midomo ya mito kwa sababu ya mamba, na mbali na maji yaliyotulia yenye majani kwa sababu ya kichocho.

Kurudi

Acha nusu ya buti wazi tangu siku ya kwanza. Utapewa mchele wa Kyela, ndizi, parachichi, viazi, na kukataa ni matusi. Mizigo mizito iwe chini na katikati, siyo juu ya paa, maana Kitonga unashuka. Ongeza upepo wa matairi kabla ya kuondoka. Kuku wa zawadi akae kwenye tenga lenye hewa, apewe maji kila mnaposimama.

Vitu viwili kataa kwa upole. Mkaa usiubebe, utakusumbua kwenye vizuizi vya misitu. Na nyamapori usipokee, hata kipande kilichokaushwa, hata kama anayetoa ni mjomba uliyemheshimu tangu utoto. Nyama hiyo inauzwa kihalali kwenye bucha zenye leseni tu, na ikikutwa garini bila kibali ni kesi kubwa. Mimi humjibu mjomba kwa kumwonyesha daftari la mtoto lenye twiga na ndege sikioni, namwambia, "Mjomba, hawa ndio tulikuja kuwaona." Analielewa hilo haraka kuliko nikimtajia sheria, na mara nyingi anaingia ndani na kunifungia maharage badala yake.